Tarakimu za Barua za Kale na Kompyuta

Barua za Kiswahili za herufi za Kiarabu, za aina waliyoandikiana wafanyabiashara wa pwani waliofika Ujiji na fukwe nyingine za Ziwa Tanganyika, zina tarakimu zake. Kasanga, iliyo kwenye ziwa hilohilo na iliyoitwa Bismarckburg enzi za Wajerumani, haikuwa mbali na maandishi hayo. Leo Kifipa na Kilungu, lugha za eneo hilo, huandikwa kwa herufi za Kilatini, na watoto hufundishwa 1, 2, 3. Wanaozisoma tarakimu za zamani ni wachache.

Ndiyo maana kuzinakili kwenye kompyuta kunataka uangalifu. Mwaka wa Hijria 1305, ulioanza Septemba 1887, huandikwa ١٣٠٥. Sifuri ni nukta tu, na tano ni kiduara. Asiyezoea huona ٢٥ akasoma 20, na frasila tano za pembe zikapotea bila mwizi.

Kosa la pili halionekani kwa macho, nalo ndilo baya zaidi. Kompyuta haihifadhi umbo la tarakimu; huhifadhi msimbo wake. Unicode, kiwango cha kimataifa cha misimbo ya herufi, imezipa tarakimu hizi misimbo ya U+0660 hadi U+0669, kisha ikatenga mfululizo mwingine, U+06F0 hadi U+06F9, kwa Kiajemi, Kiurdu na lugha za jirani. Nne, tano na sita za Kiajemi zina sura yake, hivyo msomaji makini atashtuka. Lakini moja, mbili na tatu hufanana kabisa. Anayetumia kibodi ya Kiajemi ataandika 13 isiyo na kasoro machoni, na programu inayolinganisha misimbo tu itasema haipo.

Mpangilio nao usigeuzwe. Maneno hutoka kulia kwenda kushoto, ila tarakimu za namba husomwa kushoto kwenda kulia, na kompyuta huzipanga yenyewe. Mwandishi apige moja, tatu, sifuri, tano; akifuata mkondo wa maneno akaanza na tano, atapata 5031.

Wapo wanaoona nafuu kuandika 1305 ya kawaida, yaishe. Haifai katika nakala ya msingi, kwa kuwa inaficha alichoandika mwenye barua. Iwekwe kwenye safu ya pili, ya kutafutia. Miswada ya Kiswahili imo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mingine iko katika chuo cha SOAS, London. Wanaoinakili waafikiane mapema kutumia mfululizo wa U+0660, na waandike kanuni hiyo mwanzoni mwa kila faili.