Wati za kwenye boksi zisipange bei

Katika maduka ya redio za gari Kariakoo, maboksi mengi huandikwa "50W x 4". Mnunuzi huzidisha, akapata wati 200, na bei hupangwa kwa hesabu hiyo. Hesabu hiyo ina kasoro, na hasara yake humwangukia mwenye duka.

Injini ikiwaka, umeme wa gari dogo huwa takriban volti 14. Kwa spika ya omu 4, redio ya kawaida isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kutoa sauti safi inayozidi wati 26 hivi kwa kila spika. Nyingi hutoa kati ya 14 na 22. Wati 50 ni kilele cha muda mfupi, sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza.

Ushahidi uko nyuma ya redio yenyewe. Fyuzi ya ampea 10 kwa volti 14 ni wati 140 tu, na sehemu yake hupotea kwa joto. Wati 200 za mfululizo zitatoka wapi?

Namba ya kuaminika ni ile yenye alama ya RMS, au ya CEA-2006, kipimo kilichowekwa Marekani mwaka 2003.

Mteja aliyeahidiwa wati 200 hufungulia sauti hadi mwisho akizitafuta, spika zikaungua, naye akarudi kudai fedha zake. Wakati huo muuzaji wa jumla ameshalipwa. Anayenunua mzigo na apatane bei kwa RMS, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.