Mnara wa simu shambani kwako: ya kuuliza kabla ya kusaini

Mnara wa simu ukija kijijini, wote tunafurahi. Hakuna tena kupanda kichuguu kutafuta mtandao. Mei 2023 Serikali yetu ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Lakini kila mnara husimama kwenye ardhi ya mtu au ya kijiji, na hapo mazungumzo ya kodi huanza.

Tuangalie nani ana nguvu katika mazungumzo hayo. Kabla ya ujenzi, kampuni huwa na nafasi ya kuchagua. Ukitaja bei kubwa, inaweza kuhamia kwa jirani. Ndiyo maana wengine husaini haraka, wakiogopa bahati isiwapite. Mnara ukishajengwa, mambo hugeuka: kuuhamisha ni gharama kubwa, kwa hiyo kampuni nayo inakuhitaji. Ila wakati huo mkataba umeshakufunga kwa miaka mingi.

Kwa hiyo, uliza mapema mambo manne.

Kwanza, kodi itapanda lini na kwa kiasi gani? Fedha inayotosha mifuko mitano ya mbolea leo huenda isitoshe mitatu baada ya miaka minane.

Pili, kampuni nyingine zikifunga mitambo kwenye mnara huohuo, utaongezewa nini? Kampuni za minara hupata faida kwa kupangisha mnara mmoja kwa mitandao kadhaa.

Tatu, kiasi mnachokubaliana ni kabla au baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10?

Nne, mkataba ukiisha, nani ataondoa zege na uzio ili ulime tena?

Mkataba ukiwa wa Kiingereza, usiweke dole gumba hadi mtu unayemwamini akusomee kila ukurasa, na ubaki na nakala yako. Mwenza wako naye ajue. Kama eneo ni la kijiji, suala lijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, si ofisini kwa watu wawili.

Tena, majirani mliofuatwa na kampuni hiyohiyo, ambianeni bei mlizotajiwa. Mkificha, kila mmoja atashushiwa kwa kutishiwa jina la mwenzake.