Herufi moja inaweza kukataa kazi

Mwezi huu tuzungumze juu ya kuandika Kingereza. Najua wengi mtasema: "Ile luga iko nguvu, tuache tu." Ngojeni kidogo.

Kijana mmoja, mtoto wa mdogo wangu, aliandika barua ya kuomba kazi kwa kampuni moja ya migodi. Wakubwa wa pale wanazungumza Kingereza, basi alitaka kuwafurahisha. Kiisha kuipeleka akanionyesha kopi. Mstari wa kwanza ulisema: "I wont work in your company." Nilishika kichwa. Yeye alitaka kusema kwamba anataka kazi. Lakini "want" ya kutaka inaandikwa na a. Ukitia o, Mwingereza anasoma hivi: mimi sitafanya kazi katika kampuni yenu!

"Lakini papa mukubwa, ile neno nilisikiaka vile: wont."

Ni kweli, alisikia vile. Jibu la barua halijafika mpaka leo. Siwezi kusema ni sababu ya ile o, lakini kama ningekuwa mimi mkubwa wa kazi, ningecheka na kuiweka barua pembeni.

Kosa lile si la kukosa akili. Ni kosa la mtoto wa Kiswahili. Kiswahili chetu kinaandikwa namna kinavyosikika, herufi kwa herufi. Kingereza hapana. Kule Marekani, tangu mwaka 1925, kuna mashindano ya nchi nzima ambapo watoto wanasimama mbele ya watu na kutaja herufi za maneno ya Kingereza, na wale wanaozaliwa na luga ile wanakosea pia. Kwa Kiswahili mashindano ya namna hii yangekosa mtu wa kushindwa.

Tena mtoto wa Likasi anabeba luga tatu. Kiswahili iko nyumbani na barabarani, Kifaransa iko kalasini, na Kingereza anakikuta sekondere, wakati kichwa kimekwisha kujaa. Mwalimu wa Kingereza akitaja herufi "ji", yeye anataka G. Mtoto aliyezoea Kifaransa anaandika J. Akitaja "i", anataka E. Halafu kuna maneno yanayofanana kama ndugu wawili, lakini kila moja iko na nguo yake. Kifaransa kinaandika "adresse" na d moja, Kingereza kinaandika "address" na d mbili. "Mariage" ya Kifaransa iko na r moja, "marriage" ya Kingereza iko na mbili. "Appartement" iko na p mbili, na hapa Kingereza kinapunguza: "apartment". Na "exemple" inageuka "example". Mtoto anayejua Kifaransa vizuri ndiye anayeanguka hapa.

Mwalimu anaweza kuandika yote haya kwenye ubao, watoto wakayakopi ndani ya kaye, na kesho wakayasahau. Mchezo unamlazimisha mtoto kuchagua herufi yeye mwenyewe, mbele ya wenzake. Akikosea mbele ya rafiki zake, hasahau upesi.

Mchezo ninaoupenda ni ule wa kutafuta neno lililofichwa. Pahali pengi wanachora mtu anayenyongwa. Mimi sipendi picha ile mbele ya watoto. Sisi ni watu wa migodi, basi ninachora shimo na ngazi ya vidaraja nane, na mfanyakazi mmoja juu na kofia yake. Pembeni ninaweka vistari, kimoja kwa kila herufi ya neno. Kalasi inagawanyika makundi mawili. Kila kundi linataja herufi, kwa jina lake la Kingereza, si la Kifaransa. Wakikosea, mfanyakazi anashuka kidaraja kimoja. Wakipata neno mbele hajafika chini, anapanda tena kuona jua.

Jaribuni na "copper", ile mikuba yetu. Vistari sita. Watoto wote wanakimbilia K, sababu masikio yao yanasikia "kopa", na mzee anashuka. Wanapotaja P, ninaandika p mbili kwa mara moja. Utasikia kelele! Kiisha kupata neno, lazima kundi liseme sentensi moja yenye neno lile, tena yenye maana. Bila sentensi, hakuna poe hata moja. Mtoto anaweza kutaja herufi za "knife" vizuri sana, hata ile k ya kimya, bila kujua kwamba ni kisu.

Mchezo wa kusimama mstari, ambapo mwenye kukosea anakaa chini, siupendi sana. Katika kalasi ya watoto 50 au 60, wanaokaa kwanza ni wale wenye kuhitaji mazoezi. Wanabaki kuangalia dirisha, na wenye akili ndio wanaoendelea kujifunza. Kama mnaucheza, mwenye kukosea asikae. Aende kwenye ubao aandike neno lile, kiisha arudi katika mstari.

Mchezo mwingine unahitaji katoni ya sabuni na makasi. Mmarekani mmoja, Alfred Butts, fundi wa kuchora nyumba, alikosa kazi wakati wa shida kubwa ya uchumi ya miaka ya 1930. (Sisi tunaelewa, katika miaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines.) Butts alikaa akihesabu herufi katika kurasa za magazeti, apate kujua ni zipi zinazorudi mara nyingi. Kutoka pale alifanya mchezo unaoitwa Scrabble. Kwa Kingereza una vipande 100: e 12, a 9, i 9, o 8, lakini q moja tu. Kateni vipande vyenu hivyo, mwandike herufi na biki, watoto wajenge maneno kwenye meza.

Hapa mtoto wa Kiswahili anashinda. Katika Scrabble ya Kifaransa, K na W zinaleta poe 10 kila moja, sababu Kifaransa hakizitumii sana. Kwa Kingereza K iko 5 na W iko 4. Na sisi? Kuku, kikwembe, wakwe, watoto: tunazijua tangu kunyonya.

Mama asiyejua Kingereza anaweza kuongoza mchezo wa ngazi nyumbani. Mtoto mkubwa anaandika neno kwenye karatasi, anampa mama, na mama anaangalia tu kama herufi inayotajwa iko pale. Ndugu wale wawili wa "want" na "won't" tuliwacheza hivyo na yule kijana wangu, siku ya Mungu jioni. Mzee wa ngazi alifika kidaraja cha saba. Barua mpya imeandikwa, ataipeleka juma lijalo.

Maneno ya mwezi huu kwa ngazi yenu: "shovel", "helmet", "bridge", "neighbour". Kwa lile la mwisho, chorani ngazi ndefu.