Kabla Mtoto Hajaikimbia Hesabu ya Juu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka hapa Tanzania, tunaulizana nani kapata divisheni wani na nani kapata ziro, kisha tunarudi kwenye shughuli zetu. Jambo zito zaidi hufuata baadaye, kimyakimya, vijana wanaporuhusiwa kubadili tahasusi kwenye Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano. Hapo ndipo binti mwenye B ya hesabu anapoifuta PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na kuweka HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) kwa sababu mjomba kamwambia, "Hiyo Advanced itakuua." Mjomba mwenyewe hajawahi kuisoma hiyo Advanced Mathematics, hesabu ya kidato cha tano na sita.

Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2023 na 2024, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Kijana aliyepata C kwenda juu, basi, ni adimu, na akituponyoka hapo hatuna wa kujaza nafasi yake. Tahasusi zenyewe ziliongezwa mwaka 2024 hadi 65, baadhi zikichanganya hesabu na kompyuta. Ni jambo jema, ila vichochoro vya kuikwepa hesabu navyo vimeongezeka.

Wazazi wengi hawajui kwamba BAM (Basic Applied Mathematics) haitoshi. Ile ni hesabu nyepesi, somo la nyongeza kwa wanaosoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na wenzao, na ufaulu wake hauhesabiwi kama wa somo kuu. Anayetaka uhandisi wa ujenzi au wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anadaiwa Fizikia pamoja na Advanced yenyewe. Kijana wa PCB huligundua hili akiwa na mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mkononi, amekwisha kumaliza kidato cha sita, na hakuna wa kumrudisha nyuma miaka miwili. Uamuzi uliombana aliufanya kwa dakika chache, tena peke yake.

Sisemi kila mtoto asukumwe PCM. Anayeipenda historia mwacheni na historia yake. Nawasemea wanaoiweza hesabu na kuiacha kwa woga, na woga huo mara nyingi tumewapa sisi, kwa kurudia kila siku kwamba hesabu ni ya vipanga.

Halafu kuna Julai. Kidato cha tano kinaripoti, na baada ya wiki chache kuna foleni mlangoni pa mwalimu wa taaluma: wanataka kuhama PCM. Zipo shule ambazo mwalimu wa Advanced ni mmoja kwa mikondo yote, na kitabu cha Backhouse au Tranter kinapita mikono kumi. Kijana akikwama kwenye trigonometria wiki ya tatu, hana wa kumuuliza.

Kwa hiyo wahandisi wa TANROADS na TANESCO, watu wa mabenki, wahasibu, walimu wastaafu: nendeni kwenye shule iliyo karibu nanyi, mwoneni mkuu wa shule, ombeni Jumamosi mbili kwa mwezi, muhula wa kwanza, za kufundisha hesabu. Bodi za shule, likijadiliwa geti jipya, ulizeni kwanza kama kuna fedha ya kumlipa mwalimu wa muda wa hesabu. Viongozi wa misikiti na makanisa, watangazieni waumini tarehe za Selform, na waambieni kwamba tangu 2022 wanaofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye tahasusi za sayansi wamekuwa wakilipiwa chuo kupitia Samia Scholarship. Wapo wazazi wanaomkatisha mtoto tamaa kwa kuogopa ada ya chuo tu.

Nawe mzazi, mwanao akikupigia kwa simu ya matroni wiki ya pili, analia, anataka kuhamia HGL, usikimbilie kukubali. Mpigie mwalimu wa taaluma, muulize nani anaweza kumsaidia jioni, na mwombe mtoto avumilie hadi mtihani wa kwanza wa muhula. Akiufeli, mtakaa mzungumze upya.