Jarida la Kimataifa Lisilofika Lubumbashi

Kila nikisikia kwamba majarida yetu ya taaluma ya fasihi "yanataka kuwa ya kimataifa", najua kinachofuata: ikisiri kwa Kiingereza, maprofesa wawili wa Ulaya kwenye bodi, basi. Jamani, huo ndio umataifa?

Mwaka jana niliandika makala kuhusu masimulizi ya wachuuzi wa hapa Misigiri, wale wanaokimbilia mabasi ya Mwanza na kuku mkononi na hadithi mdomoni. Jarida moja, silitaji, likanirudishia. Mhakiki wao asiyetajwa jina aliandika kwamba nukuu zangu "si Kiswahili sanifu". Kweli si sanifu! Watu wanasimulia kwa Kiswahili kilichochovywa kwenye Kinyiramba, nami ningewanyoosha kwa haki ipi? Nilinuna wiki nzima, nakiri.

Lakini langu ni dogo. Fikirieni Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji ule, ukiitwa bado Elisabethville, kwa niaba ya watu waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu. Aliandika kwa Kiswahili cha kwao. Nani aliifikisha kwa wanataaluma? Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, mwaka 1990, kwa tafsiri na maelezo ya Kiingereza. Namshukuru. Ila mpaka leo nakutana na watu wenye digrii ya Kiswahili wasiojua kwamba maandishi hayo yapo.

Na si kwamba tunaanza na mikono mitupu. Jarida la Kiswahili linalotolewa na TATAKI, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mizizi yake ni Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Nchi nne, tangu utotoni! Tatizo, kamati ile ilikuja na rula: Kiunguja kikawa kipimo, Kimvita kikawekwa pembeni, cha Kongo hakikuwemo hata kwenye hesabu. Wakoloni wameondoka, rula tumebaki nayo, tena tunaisugua ing'ae.

Swahili Forum, lililoanzia Ujerumani 1994, nalisoma bure kwenye simu hapa hapa njia panda ya Kiomboi. Makala nyingine kuhusu fasihi yetu wenyewe zinanidai dola, au nywila ya chuo nilichomaliza zamani.

Basi mhariri anayetaka umataifa amtafute mhakiki Goma, mwingine Bujumbura, mwingine Muscat. Apokee makala kwa Kiswahili chao, na tanbihi fupi kwa msomaji wa Dar. Najua msomaji wa Dar atalalamika kuwa haelewi. Si aulize? Sisi wa Singida tumeuliza maana za maneno ya Kimvita darasani miaka yote, na hakuna aliyekufa.

Makala yangu nitaituma tena mwezi ujao. Nukuu ni zilezile.