Kikombe, Si Chupa

Mara nyingi nasikia shauri hili: mtoto aliyezoea ziwa la mamaye akikataa chupa, aachwe na njaa mpaka akubali. Nalipinga. Mtoto aliyetimiza miezi sita aanza kulishwa uji kwa kijiko, tena aweza kunywa kikombeni akisaidiwa. Basi, chupa ya nini? Chuchu ya mpira ni vigumu kuisafisha. Mabaki ya maziwa hukaa ndani yake, na mtoto huharisha. Kikombe ki wazi. Ukikiosha kwa maji ya moto na sabuni, waona kwa macho kuwa ki safi.

Wengine husema kikombe ni ushamba. Sivyo! Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyataka mataifa yakataze kutangaza chupa na chuchu kwa watu, sawasawa na maziwa ya kopo ya watoto.

Mama aendaye kazini na akamue maziwa yake katika chombo safi chenye kifuniko. Bibi ampakate mtoto, akiweke kikombe mdomoni, asimmiminie, bali amwache anywe polepole. Jioni mama arudipo, ziwa li tayari. Kwa nini basi tumtese mtoto kwa njaa?