Kabla ya Ngeta, Jifunze Kugonga

Ngeta unaijua. Kama hujapigwa wewe, basi kapigwa jirani yako akitoka shifti ya usiku, au binamu yako akikata njia gizani. Mkono unapita shingoni kutoka nyuma, simu inaenda, na ukija kupata fahamu umekaa chini hujui kumetokea nini.

Sasa nikwambie kitu. Ngeta hiyo hiyo inafundishwa darasani. Kwenye jiu-jitsu ya Kibrazili ni moja ya mbinu za mwanzo mwanafunzi mpya anazokutana nazo. Tofauti kubwa ni moja, na ndiyo inayotuhusu sisi wa Kisauni, Likoni na Changamwe kuliko tunavyodhani.

Darasani kuna kugonga. Ukibanwa, unampiga mwenzako vikofi viwili vitatu mwilini, au unagonga mkeka, au unasema tu. Hapo hapo anaachia. Haulizi mara mbili, hacheki. Kabali ikiingia sawasawa inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, na mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana sheria hiyo haina mchezo. Kule kichochoroni hakuna wa kuachia. Anayekaba hajui amebana mshipa au koo, na hajali. Watu hufa hivyo, kisa simu.

Mimi nilipoanza nilidhani nguvu zitanitosha. Nikapangwa na kijana mwembamba, ukimwona stejini utadhani ni wa shule. Nilisukuma kwa mikono mpaka pumzi ikaniisha, nikagonga. Mara nne ndani ya dakika tano. Siku hiyo nilitaka kutorudi, wallahi.

Lakini wiki za kwanza ni hizo hizo: kujifunza kuishi ukiwa chini. Aliyekukalia kifuani, unanasa mkono na mguu wake wa upande mmoja, unainua nyonga na kumpindua upande huo. Ukikosa, unajikunja ubavu na kusukuma kiuno nyuma. Zoezi hilo limepewa jina la kamba, yule wa baharini, maana unarudi nyuma kama yeye. Halafu kuna gadi, yaani kumzuia mtu kwa miguu ukiwa umelala chali. Ujanja huo ndio uliomsaidia Royce Gracie, ambaye hakuwa na mwili wa kutisha, kushinda mapambano matatu usiku mmoja kwenye UFC ya kwanza kule Denver, mwaka wa 1993.

Sasa turudi mtaani. Kisauni imelia na panga miaka mingi. Majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao unayajua. Kila wakikata watu, mambo ni yale yale: msako, kamatakamata, baraza, viongozi mbele ya kamera, kisha kimya. Na ugomvi wenyewe mara nyingi huanza na kitu kidogo: msichana, deni, neno lililosemwa maskani. Kijana akishindwa mbele ya wenzake hana mlango wa kutokea. Hakuna aliyemfundisha kwamba unaweza kushindwa saa kumi na saa kumi na dakika tano mkapeana mkono. Kwa hiyo anarudi na panga.

Utaniambia, "Si mtawafundisha wezi kukaba vizuri zaidi?" Swali la haki. Jibu langu ni kwamba ngeta tayari inafundishwa, bure, usiku, na mwalimu wake hafundishi kuachia. Brazil walishaona hili. Rafaela Silva, binti aliyekulia Cidade de Deus, mtaa maskini wa Rio uliojulikana kwa bunduki, alipelekwa kwenye judo, mchezo uliozaa jiu-jitsu hiyo, kupitia mradi wa mtaani. Mwaka wa 2016 alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini kwao.

Tusidanganyane lakini. Mkeka hauleti ajira. Na mtu akikujia na panga, jiu-jitsu yako ni miguu: kimbia. Pia medali moja haikuimaliza Cidade de Deus. Ninachodai ni kidogo: ukumbi wa jamii wenye mikeka na kocha anayelipwa, jioni, saa zile maskani hujaa. Bara imezoea ndondi, karate na taekwondo, kwa hiyo msingi upo. Kuelekea uchaguzi wa 2027 watakuja wa kukupa mia tano upige kelele nyuma ya gari lao. Waulize kuhusu mikeka.

Na wewe unayetaka kuanza, usinunue sare kwanza. Nenda utazame darasa zima ukiwa umekaa pembeni. Kata kucha, vua pete. Dada, uliza kama kuna kipindi cha wanawake, usione haya. Kama hakuna jiu-jitsu karibu, judo au mieleka itakupa msingi. Kisha angalia jambo moja: mgeni akigonga, anaachiliwa papo hapo? Kama kocha anacheka au anaacha abanwe zaidi "akomae", ondoka. Hiyo ni ngeta tu, iliyowekewa mkeka.

Mimi bado nagonga kila wiki. Yule mwembamba bado ananibana. Tukimaliza tunapanda matatu moja kurudi nyumbani.